Kinga ya kupe: ni dhaifu, au ina hesabu zake?

Mwaka 1905 Robert Koch, akiwa Afrika Mashariki ya Wajerumani, aliwachunguza papasi, aina ya kupe, waliopatikana kwenye njia za misafara, akakuta bakteria wa homa ya papasi hadi ndani ya mayai yao. Watoto walioanguliwa nao wakaambukiza. Mama alikuwa amewarithisha wanawe ugonjwa unaowalaza watu kwa homa ya kuondoka na kurudi, na yeye mwenyewe hana habari. Sasa kinga ya mwili wake ilikuwa wapi?

Wapo wanaosema kinga hiyo ni hafifu tu, na hoja zao si za kubeza. Ya kwanza ni tumbo. Mbu humwaga vimeng'enya ndani ya utumbo na kuisaga damu papo hapo, na bakteria aliyeingia nayo anasagwa pamoja nayo. Kupe huisaga damu ndani ya seli za utumbo wake, taratibu, kwa hiyo utumbo wenyewe unabaki mahali panapokalika. Ya pili ni jeni. Nzi wa matunda akivamiwa, protini maalumu hutambua vipande vya ukuta wa bakteria na kupitisha taarifa hatua kwa hatua hadi sumu za kuwaua zitengenezwe. Jenomu (yaani jeni zote kwa pamoja) ya Ixodes scapularis, kupe wa miguu myeusi anayeeneza ugonjwa wa Lyme Marekani, ilichapishwa mwaka 2016, na baadhi ya protini muhimu za mnyororo huo hazikuonekana humo.

Naona hitimisho hilo lilikuja mapema mno. Mwaka 2017 watafiti walionyesha kwamba mnyororo huo upo kwa kupe na unafanya kazi, ila unaweza kuamshwa na mafuta yatokanayo na maambukizi. Kupe ni jamaa ya buibui. Kumpima kwa kipimo cha nzi ni kumwonea.

Mfano unaonishawishi zaidi ni jeni iitwayo dae2. Asili yake ni bakteria, ambao huitumia kuuana wao kwa wao. Zamani sana ikahamia kwa mababu wa kupe, na huko ikabaki. Kimeng'enya chake hukata ukuta wa bakteria, na kinapatikana hadi kwenye mate. Utafiti wa mwaka 2020 ulibaini kwamba kinawamaliza stafilokoka, wakazi wa kawaida wa ngozi ya mnyama. Kwetu mara nyingi hawana neno, lakini kwa kupe ni hatari. Kumbuka kupe huyu hung'ata kwa siku kadhaa, mdomo umezama kwenye ngozi iliyojaa bakteria hao. Borrelia, bakteria wa ugonjwa wa Lyme, hamtishii hivyo, na kimeng'enya hicho hakimuui moja kwa moja.

Lakini tusikimbilie kusema kupe na Borrelia wamepatana. Jaribio la mwaka 2015 lilionyesha kwamba dae2 ikizimwa, Borrelia huongezeka ndani ya kupe: kuingia wanaingia, ila wingi wao unadhibitiwa. Tena mwaka 2016 ikaonekana kwamba damu ya panya aliyeambukizwa huwa na interferoni gama, protini ambayo panya huitoa kwa ajili ya vita vyake mwenyewe, na hiyo humfanya kupe aongeze dae2. Kupe anapewa tahadhari na mnyama anayemnyonya!

Mvutano huu una uzito kwa mfugaji. Uganda, kwa mfano, kuna kupe waliozoea dawa za kuogeshea, na njia nyingine zinatafutwa. Unaweza kuiongezea nguvu kinga ya kupe ili asibebe bakteria. Kuhariri jeni zake kumewezekana tangu 2022, ingawa kuwaeneza kupe hao porini ni kazi nyingine kabisa. Au unaweza kuivunja: mchanje ng'ombe, damu yake ibebe kingamwili za kuzima dae2, stafilokoka wamshughulikie kupe. Wazo la pili linanivutia, ila lina mtego wake. Kupe atakayenusurika anaweza kubaki na bakteria wa ugonjwa wengi kuliko mwanzo.

Na papasi ni habari nyingine. Yeye hunyonya usiku kwa chini ya saa moja, kisha anarudi kwenye ufa wa sakafu. Hana zile siku nyingi za kung'ang'ania ngozini ambazo mpango wa stafilokoka unazitegemea.