Tatizo si waigizaji kutojua pesa

Eti wakongwe wa runinga huishia pabaya kwa kutotunza pesa? Hapana. Mchukueni Benson Wanjau, Mzee Ojwang wa Vitimbi, kipindi cha vichekesho cha runinga ya Kenya, KBC, aliyefariki Julai 2015: Mkikuyu aliyebeba lafudhi ya Kijaluo miaka na mikaka. Kazi nzito ile! Lakini mara nyingi mwigizaji hulipwa kwa kila kipindi kinachorekodiwa. Kikirudiwa mara kumi, hapati hata ndururu iwapo mkataba unasema haki zote ni za mtayarishaji. Anayeanza leo Nairobi asome kifungu hicho cha haki mkatabani kabla ya kuuliza mshahara: marudio yanalipwa asilimia ngapi, na kipindi kikiuzwa mtandaoni je? Na jamani, abaki na nakala iliyotiwa saini pande zote mbili.