Kipunguza mkondo kikiwekwa kwenye mtandao, relei zinaona nini?

Shoti ikipiga kwenye mtandao wa jiji, mkondo hupanda kupita kiasi ndani ya milisekunde chache. Kila jenereta mpya inayounganishwa huuongeza, na sakiti breka za zamani, yaani swichi zinazokata mkondo wa shoti, zina kikomo cha mkondo zinaoweza kuukata. Huko Birmingham, Uingereza, mradi wa FlexDGrid uliweka vipunguza mkondo, vifaa vinavyobana mkondo wa shoti, kwenye mtandao wa kilovoti 11 ili mitambo midogo ya umeme ipate nafasi ya kuunganishwa. Baadhi vilitumia supakondakta, waya unaopozwa kwa naitrojeni ya kimiminika hadi karibu nyuzi 200 chini ya sifuri. Siku za kawaida hauna ukinzani. Shoti ikipiga, ukinzani huibuka papo hapo na kuubana mkondo kabla breka haijafunguka.

Wahandisi wa ulinzi wanalalamika kwamba mkondo ukipungua, relei, vifaa vinavyopima mkondo na kuiamuru breka ifunguke, zinachelewa. Ni kweli. Chukua relei inayofuata mkunjo wa kawaida wa IEC, shirika la kimataifa la viwango vya umeme, ambao mkondo ukiwa mdogo muda wa kungoja huwa mrefu; imewekwa ianze kuhesabu kwenye ampea 600, na kizidishi cha muda huo ni 0.2. Shoti ya ampea 12,000 inakatwa baada ya sekunde 0.45. Ikibanwa hadi ampea 3,000, relei ileile inangoja sekunde 0.86. Muda umekaribia kuwa maradufu, lakini hesabu haijaisha: joto kwenye kebo hufuata kipeo cha pili cha mkondo, mara muda. Piga hesabu hiyo utaona joto limeshuka zaidi ya mara 8. Kwa kebo na transfoma, huko kuchelewa ni nafuu kubwa, na ndiyo maana lalamiko hili halinitishi.

Linalonitisha ni relei isiyoona kabisa. Kipengele cha relei cha kukata papo hapo kikiwa kimewekwa ampea 5,000, shoti ya ampea 3,000 kwake ni kama haipo. Relei ya umbali nayo hugawa volti kwa mkondo ili ikadirie shoti iko wapi. Kipunguza mkondo kikikaa kati ya transfoma ya kupimia volti na shoti, ukinzani wake unahesabiwa kuwa urefu wa laini. Shoti ya karibu inaonekana iko mbali, nje ya ile asilimia 80 ya laini inayokatwa bila kungoja. Kikikaa nyuma ya transfoma hiyo, kipimo hakibadiliki. Mita chache ndani ya kituo ndizo zinazoamua.

Halafu kuna saa ambazo kifaa hakipo kazini. Supakondakta iliyopata joto huhitaji muda wa kupoa, wakati breka za laini za juu zimezoea kujifunga tena upesi. Kifaa kikirukwa kwa matengenezo, mkondo kamili unazirudia breka zilezile zisizouweza, isipokuwa basibaa, nondo zinazounganisha laini ndani ya kituo, zimetenganishwa kwanza.

Ningeulizwa, ningeunga mkono kifaa kinunuliwe. Ila nisingesaini kabla ya kuona makundi mawili ya seti za relei, yaani viwango zinavyowekewa, moja la kifaa kikiwa kazini na jingine kikiwa nje, na kujua ni nani au nini kitakachobadilisha kundi saa nane usiku.