Mzazi kuingia mbio: hofu tumeielekeza kusiko

Mwanamke aliyejifungua miezi michache iliyopita akisema amejiandikisha mbio za kilomita 10, hupata majibu ya aina mbili, na yote humfikia kabla hajamaliza kusema. Kundi la kwanza humwambia atulie: mwili bado mbichi, mtoto bado mdogo, na mbio zenyewe hazikimbii. Kundi la pili humtajia bingwa fulani aliyeshinda marathoni huku mwanawe hajafikisha mwaka, kisha humpigia makofi. Nimeyasikiliza makundi haya mawili kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka, kwa sababu mwaka jana mdogo wangu alikuwa amebanwa katikati yao. Nilikoishia kuegemea ni kwa mtu ambaye naona hakuna anayemsemea vizuri: mzazi anayetaka kuingia mbio bila kutafuta ubingwa, akimbie taratibu, atembee pumzi ikikata, amalize na wale wa nyuma.

Kundi la kwanza humwona mkaidi, la pili humwona bingwa ambaye bado hajajijua. Wote wanaanzia kwenye kalenda, na hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Chukua ile namba inayotajwa kuliko zote, wiki 6 baada ya kujifungua. Mzazi anakwenda kliniki, anapimwa presha, anaulizwa kama damu imekatika, mshono unaangaliwa, tumbo linabonyezwa, anaulizwa ananyonyesha vipi na anataka njia gani ya kupanga uzazi. Mwishoni anaambiwa, "Uko sawa." Ni kweli, yuko sawa kwa yale aliyoulizwa. Ila hakuna aliyemwambia asimame kwa mguu mmoja, wala aliyemuuliza kinachotokea akikohoa. Yeye anatoka pale akiamini amepewa ruhusa ya kukimbia, mumewe anaamini hivyo hivyo, na wiki inayofuata viatu vinatolewa uvunguni.

Sasa angalia mwili wenyewe uko wapi katika wiki hiyo ya 6. Kwa aliyejifungua kwa upasuaji, ule utando mgumu unaoshikilia misuli ya tumbo unakuwa umerudisha nguvu zinazozidi nusu kidogo tu ya zile za awali, na hata mwezi wa 6 au wa 7 baada ya kujifungua unaweza usiwe umefika zilipokuwa. Kwa aliyejifungua kwa njia ya kawaida, misuli ya sakafu ya nyonga, ile iliyotandazwa chini kama machela ikibeba kibofu, kizazi na utumbo, ilivutwa kupita kiasi ili kichwa cha mtoto kipite. Inaendelea kujirudi kwa miezi 4 hadi 6, na kwa wengine hadi mwaka. Halafu tunataka kuipa kazi ya kukimbia, ambapo kila mguu unapotua ardhi inarudisha nguvu ya mara 1.6 hadi 2.5 ya uzito wa mwili. Katika kilomita 10 za mwendo wa taratibu hatua hizo zinapita 10,000. Mwenye kusema "subiri" hapa hana hofu ya kizamani. Ana hesabu mkononi.

Mwaka 2019 wataalamu watatu wa fiziotherapia wa Uingereza, Tom Goom, Gráinne Donnelly na Emma Brockwell, walitoa mwongozo wa kurudi kwenye mbio baada ya kujifungua. Kilichosambaa ni sentensi moja: usianze kukimbia kabla ya miezi 3, na kwa wengine ni hadi miezi 6. Basi wiki 6 zikang'olewa, wiki 12 zikapandwa mahali pake, na watu wakaendelea kuhesabu siku vilevile. Kuna mwenye kuzichukulia wiki 12 kama mlango, zikitimia anatoka mbio. Kuna mwenye kuzichukulia kama uthibitisho kwamba anayekimbia mwezi wa 5 anajiua. Waandishi wenyewe walikiri kwamba ushahidi uliokuwepo ulikuwa mchache na kwamba sehemu kubwa ya maelekezo yao inasimama juu ya uzoefu wa wataalamu. Wiki 12 ni kiwango cha chini cha kungoja. Hazisemi lolote kuhusu huyu mzazi aliyeketi mbele yako yuko tayari au la.

Kinachosema ni vile vipimo vilivyofuata baada ya sentensi hiyo, ambavyo wengi hawakufika kuvisoma. Tembea dakika 30. Simama kwa mguu mmoja sekunde 10. Chuchumaa kwa mguu mmoja mara 10, kila upande. Kimbia palepale ulipo dakika moja. Ruka kwa mguu mmoja mara 10, kisha mwingine mara 10. Yote bila maumivu, bila kuhisi uzito unaovuta chini, bila mkojo kutoka.

Mdogo wangu alivifanya kwenye korido, mtoto amelala, mwezi wa 4 baada ya kujifungua ukianza. Alikuwa ameshalipia mbio za wiki tatu mbele. Kutembea kulipita, kusimama kukapita, kuchuchumaa kulimtoa jasho lakini kukapita. Akaweka kiganja ukutani, akainua mguu wa kushoto, akaanza kuruka. Mimi nahesabu. Kwenye sita akasimama ghafla, akabana mapaja, akanitazama, tukaangua kicheko wote wawili, akaenda kubadilisha nguo. Aliporudi hakuwa anacheka. Kumbe ilikuwa inamtoka tangu wiki za kwanza, akipiga chafya, akimnyanyua mtoto, na alikuwa hajamwambia mtu. "Dada, nilidhani ndiyo uzazi wenyewe," alisema.

Nimerudi kwenye maneno hayo mara nyingi. Mkojo kumponyoka mwanamke baada ya kujifungua ni jambo linalowapata wengi mno, na kwa sababu hiyo tumelifanya ada ya kuwa mama. Tunanunua pedi, tunachagua suruali nyeusi, tunajua choo kiko wapi popote tunapokwenda. Ilhali lina tiba, na tiba ya kwanza ni mazoezi ya misuli ileile chini ya mtu anayejua kuyaelekeza, ambayo huwasaidia wengi. Mdogo wangu alikutana nayo kwa sababu moja tu: alitaka kuingia mbio. Asingetaka, angebaki na pedi zake miaka kumi, na wale waliomshauri atulie wangeona ametulia.

Hapo ndipo ninapotofautiana na kundi la kwanza. Wanasema mbio zinamhatarisha, mimi nimeona mbio zikimfanya ajichunguze.

Swali lao zuri zaidi ni hili: kama ni afya, kwa nini asikimbie peke yake asubuhi? Mbio za kujiandikisha za nini? Kwa muda sikuwa na jibu, hadi nilipotazama asubuhi hizo zilivyokuwa. Mzazi akisema "natoka kukimbia kidogo", ni jambo la kwanza kuahirishwa mtoto akilia, mgeni akija, nguo zikirundikana. Hakuna ubaya wa mtu, ndivyo nyumba inavyokwenda. Akisema "nina mbio tarehe fulani", ghafla kila mtu anaelewa. Mumewe anaandika tarehe, mama mkwe anajitolea kushika mtoto, na dakika 40 za Jumanne zinaheshimiwa kwa sababu zinaelekea mahali. Ile namba ya kifuani inamlindia muda wake. Siku yenyewe pia barabara imefungwa magari, maji yapo, wahudumu wa kwanza wapo, vyoo vipo, na wapo mamia wanaotembea bila kuona haya. Ukiniuliza ni wapi mzazi akimbie kilomita zake 10 za kwanza, nitachagua hapo kuliko kandokando ya barabara kuu alfajiri.

Faida nyingine zinajulikana, sitazikalia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawataka hata waliojifungua karibuni, wasio na kizuizi cha kitabibu, wafikishe dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na unataja kupungua kwa dalili za sonona baada ya kujifungua. Hofu ya kwamba maziwa yatakauka ilijibiwa zamani: utafiti uliochapishwa mwaka 1994 katika New England Journal of Medicine uliwafuatilia wanaonyonyesha walioanza mazoezi wiki 6 hadi 8 baada ya kujifungua, na haukuona madhara kwa wingi wa maziwa wala ubora wake. Kukimbia matiti yamejaa ni adha nyingine, lakini dawa yake ni kunyonyesha kwanza na sidiria inayobana sawasawa.

Kundi la pili nalo lina deni lake. Wanapenda sana kumtaja Paula Radcliffe, mkimbiaji wa Uingereza aliyejifungua Januari 2007 na kushinda marathoni ya New York Novemba mwaka huohuo. Kweli kabisa. Wanachoruka ni kilichotokea katikati: alirudi mazoezini mapema mno, akapata ufa katika mfupa wa chini ya mgongo, ule uliobeba nyonga, na ikambidi asimame. Mama anayenyonyesha anaweza kupoteza asilimia 3 hadi 5 ya uzito wa mifupa yake. Huja kurudi akiachisha, lakini miezi hiyo mfupa uko katika hali ya kukopesha. Ongeza usingizi wa vipande vipande na chakula kinacholiwa umesimama, na hapo mfupa unapata kazi usiyoweza kuilipia. Zile programu za wiki 8 zinazosambazwa kila mahali zimeandikwa kwa ajili ya mtu anayelala. Sijawahi kuona moja yenye mstari unaosema: usiku mtoto akiamka mara nne, kesho tembea.

Kama lazima tutaje bingwa, mbona hatumtaji Faith Kipyegon wa Kenya kwa ukamilifu wake? Alijifungua Juni 2018. Alirudi mashindanoni Juni 2019, mwaka mzima baadaye. Oktoba akapata medali ya fedha ya mita 1500 kwenye mashindano ya dunia Doha, mwaka 2021 akatetea dhahabu yake ya Olimpiki Tokyo, na Juni 2023 huko Florence akaweka rekodi ya dunia ya mbio hizo, dakika 3 na sekunde 49.11. Mwanamke ambaye kukimbia ndiyo ajira yake alijipa mwaka kabla ya kurudi mashindanoni. Sisi tunaokimbilia fulana na ndizi ya mwishoni tunaharakia nini?

Jibu la swali hilo, kwa sehemu kubwa, ni ada. Mdogo wangu alikuwa amelipia akiwa na mimba ya miezi 7, katika msisimko ule wa kununua nguo ndogondogo. Masharti yalisema fedha hairudishwi na namba haihamishwi. Baada ya ile korido, jambo lililomuuma zaidi lilikuwa pesa iliyokwenda, na kwa siku mbili alitafuta hoja za kukimbia hivyohivyo. Nadhani wengi wanaoumia wanaumia katika siku mbili kama hizo. Waandaaji wanaweza kuliondoa hili kwa kalamu. Marathoni za London na Boston sasa zinamruhusu mwenye mimba au aliyejifungua karibuni kusogeza nafasi yake mbele. Ni sharti la mistari mitatu. Kwa maoni yangu lina kinga kuliko mawaidha yote anayopewa mzazi sebuleni, maana linamwondolea sababu ya kujidanganya.

Nikubali pia kwamba hoja yangu ina mpaka. Kilomita 5 au 10 kwa mwendo wa kuongea ni jambo moja. Nusu marathoni mtoto ana miezi 6 ni jingine, na marathoni sina la kuitetea. Saa ya mkononi nayo huharibu mengi: mtu anatoka kwa nia ya kutembea nusu ya njia, anaona muda wake wa zamani ukimkodolea macho, anaanza kufukuza. Na akihisi uzito unaovuta chini, au damu ikirudi, au maumivu ya mbele ya nyonga, hakuna medali ya kujadiliana nayo, anatoka pembeni.

Mdogo wangu aliiacha mbio ile na ada yake. Akaenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia, akapewa mazoezi ambayo kwa macho hayaonekani kama mazoezi, maana mtu amelala chali tu. Alirudi ukutani mtoto ana miezi 6, akaruka kumi na kumi. Mbio aliziingia mtoto ana miezi saba na nusu, saa akaiacha nyumbani, akatembea kila penye meza ya maji. Nilimsubiri kilomita ya 8 na akapita akiwa amekunja uso kwa jua, nyuma yake kukiwa na mama wa makamo na gari la wagonjwa linalosindikiza wa mwisho.

Alipovuka mstari, kabla hajavishwa medali, alininong'oneza sikioni: "Kavu."

Sasa anataka nusu marathoni mwezi ujao, na hilo bado tunalibishania.