Poti 22: Kuiacha Wazi au Kuificha

Mkazi wa Umoja au Kasarani jijini Nairobi aliyejiwekea seva sebuleni, na anayetaka kuiamrisha kupitia terminali akiwa kazini katikati ya jiji, hukutana mapema na swali hili: je, poti 22, yaani mlango wa SSH (njia ya kuiamrisha kompyuta ukiwa mbali), iachwe wazi kwa ulimwengu wote, au ifichwe nyuma ya VPN, njia ya faragha inayopitisha mashine zilizoruhusiwa tu?

Wanaotetea kuiacha wazi wana hoja nzito. Tatu Ylönen alibuni SSH mwaka 1995, baada ya nywila kunaswa katika mtandao wa chuo chake huko Ufini, kwa kusudi hasa la kupita katika mtandao usioaminika. Aliyezima nywila na kukubali ufunguo wa kidijitali (kama wa aina ya Ed25519) pekee hana haja ya kukosa usingizi kwa sababu ya roboti za mtandaoni zinazobisha usiku kucha. (Kuhamia poti 2222 hupunguza kelele zao, lakini siihesabu hatua hiyo kuwa ulinzi.)

Hata hivyo, ufunguo imara haufai kitu kitasa chenyewe kikiwa kimechezewa. Machi 2024, mhandisi wa programu Andres Freund alishangaa kuona SSH ikichelewa kwa takriban nusu sekunde. Alipochimba, alikuta mlango wa siri umepandikizwa katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana data ambayo SSH huipakia kwenye baadhi ya mifumo ya Linux; mlango huo ungempa mwenye kuupanda uwezo wa kuendesha amri bila kuthibitishwa. WireGuard, ambayo ni aina ya VPN, kwa upande wake haimjibu kabisa isiyemtambua, kwa hiyo mpekuzi haoni hata pa kubisha.

Kwa wengi hapa Nairobi, mjadala huo hukatwa na mtoa huduma kabla haujaanza. Ruta ikionyesha anwani ya nje inayoanzia 100.64 hadi 100.127, mteja anashiriki anwani ya umma na wengine, na kufungua poti kwenye ruta hakusaidii. Ni lazima seva yenyewe ndiyo ipige simu kwenda nje. Tailscale, huduma iliyojengwa juu ya WireGuard, hurahisisha jambo hilo, na data husafiri ikiwa imefungwa kwa siri, lakini orodha ya mashine hukaa kwa kampuni nyingine. Ni ajabu kidogo kukimbia utegemezi kisha kuukaribisha kupitia dirishani. Kukodi mashine ndogo kwenye mtandao na kuendesha WireGuard humo huepusha hilo, ila ikiwa iko Frankfurt, kila herufi inayochapwa mjini huenda Ulaya ndipo irudi Umoja. Mosh, programu inayotumika badala ya SSH ya kawaida, hupunguza kero hiyo kwa kuonyesha herufi kabla jibu halijafika.

Naegemea njia hii ya kukodi mashine, pamoja na ucheleweshaji wake. Hata hivyo, pande zote mbili husahau stima: hakuna amri inayowasha kompyuta iliyozimika. BIOS, programu ya ndani inayoianzisha kompyuta, ipangwe kuiwasha umeme unaporudi, WireGuard ianze yenyewe na kutuma ishara kila baada ya sekunde 25 ili njia isizibwe, kisha plagi ichomolewe na kurudishwa makusudi mwenyewe akiwa bado nyumbani.