Naikuni alikuwa mtu yule yule, kiti ndio kilikuwa kinabadilika

Kuna hii tabia yetu Wakenya, bosi wa kampuni kubwa akitajwa kuwa anaenda serikalini tunashangilia kama timu imesajili straika, ati sasa kazi itafanyika manake huyu ametoka praiveti. Alafu miaka miwili ikipita bila kitu kuonekana tunasema kumbe jamaa alikuwa bure tu. Na kuna wale wa upande wa pili, aliyetoka serikalini akipewa kampuni tunasema hiyo ni zawadi ya siasa. Mimi nimekuwa nikifuatilia safari ya Titus Naikuni, aliyewahi kuwa bosi wa Kenya Airways, kwa muda, na kila nikiiangalia naona tunauliza swali lisilo lenyewe. Tunauliza mtu ni nani wakati tungeuliza kile kiti anakalia kinamruhusu kuamua nini.

Kwa wale wadogo, Naikuni ni injinia wa mitambo, alisoma Chuo Kikuu cha Nairobi, akaingia Magadi Soda mwaka 1979 kama injinia mwanafunzi. Kama hujawahi fika Magadi, ni kule chini Kajiado, joto lake si la mchezo, na mji wote karibu umejengwa na kampuni, hospitali ya kampuni, maji ya kampuni, reli inayopandisha magadi mpaka Konza ndio yaende Mombasa. Kampuni yenyewe ilianza 1911. Sasa wewe hebu fikiria, mtu anaanza kule kwa vumbi na grisi, anapanda ngazi moja moja, miaka ya tisini anakuwa mkurugenzi mkuu. Anajua kila mashine inalia vipi. Kitu kikiharibika ziwani ni yeye na watu wake wanaamua spea inunuliwe leo, fundi nani aende, na mwisho wa mwezi tani zinahesabika, ama magadi yametoka ama hayajatoka. Hakuna kamati ya bunge, hakuna mheshimiwa wa kupiga simu ati ndugu yake anataka tenda. Labda zilikuwepo simu, mimi sijui, lakini unaelewa ninachosema.

Hapo ndio sifa yake ilitoka na nadhani aliistahili.

Twende 1999. Hali ya nchi ilikuwa mbaya, IMF, lile shirika la kimataifa la kukopesha nchi, walikuwa wamefunga mfereji tangu 1997, mzee Moi amebanwa kila upande, basi akafanya kitu hakuna aliyekitarajia, akamchukua Richard Leakey, yule yule ambaye miaka michache kabla alikuwa chama cha upinzani cha Safina akipigana na serikali, akamfanya mkuu wa utumishi wa umma na katibu wa baraza la mawaziri. Leakey akaja na kikosi chake kutoka nje ya serikali, watu wakakiita Dream Team. Martin Oduor-Otieno akatolewa Barclays akapelekwa Hazina. Naikuni akatolewa Magadi akawa katibu wa kudumu wa wizara ya habari, uchukuzi na mawasiliano. Mishahara yao ilikuwa inapigwa jeki na wafadhili, na hiyo peke yake ilitosha kuwafanya wachukiwe kwenye korido za serikali hata kabla hawajafungua faili ya kwanza, juu wewe umekaa hapo miaka ishirini na mshahara wa serikali alafu anakuja mtu mwenye mshahara wa benki kukufundisha kazi. Sisemi chuki hiyo ilikuwa sawa, nasema ilieleweka.

Na angalia hiyo wizara kwa wakati huo. Posta na simu ilikuwa ndio tu imekatwa vipande mwaka 1999, Telkom huku, Posta kule, tume ya mawasiliano pale. Safaricom na Vodafone wanaanza 2000, Kencell, kampuni nyingine ya simu, nao mwaka huo huo. Halafu bandari, reli, viwanja vya ndege, vyote vinaangukia mle mle. Kwenye karatasi huyu ni mtu mwenye nguvu kuliko bosi yeyote wa kampuni Kenya. Lakini katibu wa kudumu juu yake kuna waziri, juu ya waziri kuna Ikulu, pesa ziko Hazina, wafanyakazi ni wa tume ya utumishi wa umma kwa hiyo hata karani mzembe hawezi kumtimua hivi hivi, na mkurugenzi wa shirika lililo chini yake huenda ana njia ya mkato ya kumfikia rais kuliko yeye. Jina lake ndilo liko kwenye hesabu, kitu kikiharibika ni yeye anaitwa na bunge, lakini maamuzi yenyewe yako kwa watu wengine. Uuzaji wa Telkom kwa wawekezaji ulizungushwa wee mpaka ukafa.

Januari 30 mwaka 2000, ndege ya Kenya Airways, KQ431, ikaanguka baharini Abidjan muda mfupi baada ya kupaa. Watu 179 ndani, waliopona ni 10. Katibu wa kudumu wa uchukuzi alikuwa Naikuni. Shikilia hapo kidogo, nitarudi.

Dream Team ilitimuliwa Machi 2001. IMF walikuwa wamerudi 2000 na mkopo, alafu mwisho wa mwaka huo mahakama ikasema mamlaka ya kupambana na ufisadi haiko kikatiba, misaada ikakwama tena, na siasa za 2002 zilikuwa zinanukia. Kazi ya kuwapendeza wafadhili ikawa haina faida tena kwa wakubwa. Wengi wanasema kikosi kilishindwa. Mimi nasema miezi kumi na tisa hivi haitoshi hata kujifunza nani anakudanganya kwenye wizara, na walioajiriwa wakakubali bila kuwa na mkataba wa maana wa kuwalinda walijiponza kidogo pia. Kama ulikuwa bosi wa benki ungesaini mkataba wa aina hiyo na mteja? Hungesaini.

Sasa ndio utamu. Naikuni akarudi Magadi, na Februari 2003 akachukua Kenya Airways kutoka kwa Brian Davies. Hii KQ ni mnyama wa ajabu, si ya serikali na si ya watu binafsi, serikali ina hisa, KLM, shirika la ndege la Uholanzi, walinunua asilimia 26 ilipobinafsishwa 1996, wengine ni wananchi wa kawaida walionunua hisa Soko la Nairobi wakiwemo walimu na wastaafu. Naona huyu jamaa aliiva kwa kazi hiyo kwa sababu alikuwa amepitia pande zote mbili, anajua mashine na anajua waziri akipiga simu anamaanisha nini. Miaka ya kwanza mambo yakawa moto, njia mpya za Asia zikafunguliwa, Guangzhou ikiwemo, na mwaka wa fedha ulioisha Machi 2006 faida baada ya kodi ikafika karibu shilingi bilioni 4.8. Mwaka huo wakaagiza Dreamliner, zile ndege mpya za Boeing za safari ndefu.

Mei 5, 2007, KQ507 ikatoka Douala usiku kwenye mvua ya radi, ikaanguka kwenye mikoko karibu kabisa na uwanja, na ilichukua zaidi ya siku nzima kuipata. Watu 114, hakuna aliyepona. Safari hii hakuwa katibu wa wizara, alikuwa ndiye bosi wa ndege, na wale tuliokuwa na umri tunamkumbuka kwenye runinga, anarudi mara kwa mara kusema tunachojua ni hiki na hiki hatujui bado. Ajali mbili za shirika moja na mtu mmoja alizipokea akiwa kwenye viti viwili tofauti. Nimewaza sana hiyo. Kwa ile ya 2000 alikuwa na wizara nzima na hakuwa ndiye familia zilimtafuta, kwa ile ya 2007 alikuwa na ofisi moja tu lakini kila kitu kilimwangukia, na kwa maoni yangu alisimama vizuri. Sijaona mkubwa wa Kenya tangu hapo aliyeongea na nchi kwenye msiba namna ile bila kujificha nyuma ya msemaji.

Lakini wacha nisimpambe sana.

Mwaka 2008 mafuta yalipanda mpaka zaidi ya dola 140 kwa pipa, na KQ kama mashirika mengine ilikuwa imefunga bei mapema ikiogopa yatapanda zaidi. Desemba yakashuka chini ya dola 40, nao wakabaki wamefungwa kwenye bei ya juu. Mwaka wa fedha wa 2009 ukaisha na hasara ya zaidi ya bilioni 4. Sawa, hiyo tuseme bahati mbaya, wengi waliumia. Ila Mawingu haikuwa bahati mbaya. Mpango wa Mawingu ulikuwa wa miaka kumi hadi 2021, ndege zaidi ya 100, vituo kila bara. Wakaenda kwa wenye hisa 2012 kutafuta bilioni 20.7, wakapata kama 14.5. Mimi hapo ndipo ningefunga daftari nirudi kupiga hesabu upya, manake wenye pesa wamekuambia wazi imani yao inaishia wapi. Lakini ndege zilikuwa tayari zimeagizwa, Dreamliner zilizochelewa miaka zikaanza kuingia Aprili 2014, na zikaja wakati shambulio la kigaidi la Westgate limeshafukuza watalii, ebola imefunga Monrovia na Freetown, na mashirika ya ndege ya Ghuba yanabeba abiria wetu kwa bei ya kutupwa. Na hata kabla ya hayo, mwaka ulioisha Machi 2013 ulikuwa na hasara ya bilioni 7.9. Na mwaka 2012 wafanyakazi mamia walikuwa wamepelekwa nyumbani.

Hapa kiti kilikuwa na nguvu ya kuamua, hakuna Ikulu ya kusingizia. Ndio maana sikubaliani na wale wanaosema aliachwa peke yake na serikali, na sikubaliani pia na wale wanaosema aliiua KQ akatoroka. Bodi ilipitisha, KLM walikuwa mezani, Hazina ilikuwa mezani. Ila wazo lilikuwa lake kama bosi na ilibidi alibebe.

Alistaafu Novemba 2014. Akaja Mbuvi Ngunze, aliyekuwa kwenye simenti ya Lafarge kabla ya KQ, na Julai 2015 ndiye aliyesimama mbele ya kamera kusoma hasara ya bilioni 25.7, kubwa kuliko zote zilizowahi kutokea kwa kampuni ya Kenya mpaka siku ile. Watu wakamrarua. Sasa piga hesabu, huo mwaka wa fedha ulianza Aprili 2014 ukaisha Machi 2015, miezi minane ni ya Naikuni na minne ni ya Ngunze. Na maamuzi ya ndege yalikuwa ya miaka mingi nyuma. Seneti ikaunda kamati chini ya Anyang' Nyong'o, marubani wakaanza kelele, na Ngunze hakudumu.

Mwenzake wa Dream Team, Oduor-Otieno, alitoka Hazina mwishowe akaishia KCB, akaiongoza 2007 hadi 2012, benki ambayo serikali ina hisa kubwa, na hakuna anayemtaja kama mtu aliyeshindwa serikalini. Kwa nini? Kwa sababu alipoondoka benki ilikuwa inapata faida, basi. Tungemuuliza aliachia Hazina nini hatungejibiwa, na si kosa lake.

Na KQ yenyewe ilitangaza faida ya bilioni 5.4 kwa mwaka 2024, ya kwanza kwa zaidi ya miaka kumi, watu wakaanza kupongezana. Mwaka huo shilingi ilikuwa imepanda kutoka karibu 160 kwa dola hadi kama 129, na madeni ya KQ mengi ni ya dola. Sehemu nzuri ya hiyo faida ni dola tu imeshuka. Lakini nani atasoma mpaka ukurasa wa maelezo ya hesabu, wakati kuna bosi wa kupigiwa makofi.