Homa ya Kesho

Mimi nikisema uongo, nauandika vizuri. Nalikiri hilo mapema ili usije ukanionea huruma kabla ya wakati.

Wiki ile nilikuwa nimechoka. Sikuwa nimebeba magunia. Ulikuwa ule uchovu wa kukaa kwenye kiti na kujibu barua pepe ambazo kila ukiijibu moja inazaa mbili. Nilitaka Ijumaa moja tu. Nilale mpaka jua lijae chumbani, niamke, nigeukie upande wa pili, nilale tena. Kuomba ruhusa ya kulala niliona haya. Utamwambia bosi nini? "Naomba siku moja, nina miadi na mto"? Lakini mgonjwa haulizwi maswali mengi, mradi ameumwa kwa ufasaha.

Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Wanapiga simu saa 1 asubuhi wakijikoholesha, na kikohozi cha kuigiza hata mtoto anakijua. Mimi nikaona niiachie mashine kazi hiyo. Programu yetu ya barua pepe ina sehemu ya majibu ya otomatiki: unaandika ujumbe, unauwasha, na kila anayekuandikia anajibiwa wewe ukiwa umejifunika shuka. Unaweza hata kuipangia siku na saa. Nikapanga ianze Ijumaa saa 12 asubuhi na ikome saa 12 jioni. Tena ina sehemu 2, ya watu wa ndani ya ofisi na ya watu wa nje. Nikaweka ujumbe uleule kotekote, maana homa haibagui.

Hii ilikuwa Alhamisi asubuhi, mezani kwangu, muda wa kazi. Nilikaa na ujumbe ule dakika 40. Kwa taarifa yako, ripoti ya robo mwaka niliipa dakika 25. Rasimu ya kwanza ilisema "Leo sijisikii vizuri." Nikaifuta, hiyo ni sentensi ya mtu aliyeko matembezini. Ya pili ilihusu tumbo, nikaona tumbo litaleta maswali. Ya tatu ndiyo iliyokaa:

"Ndugu, leo Ijumaa nimeamka alfajiri nikiwa na homa kali, mwili mzima unatetemka na jasho jembamba linanitoka. Sauti imekauka kabisa, hivyo sitaweza kupokea simu. Nimeshauriwa nipumzike. Kwa jambo lisiloweza kusubiri, tafadhali wasiliana na mkuu wa kitengo."

Lile jasho jembamba lilinifurahisha mno. Homa kali kila mtu anaiandika. Jasho jembamba ni la mtu aliyeumwa kweli, au la mtu mwenye kipaji.

Nikahifadhi. Kisha nikarudi kuongeza mkato baada ya "kali", kwa sababu mimi ni mtu wa kujali mikato. Katika kurudi huko, kidole kikagusa kisanduku kidogo chenye tiki, kile kinachoiambia programu itume majibu ndani ya muda uliopangwa tu. Tiki ikatoka. Tarehe na saa zilibaki palepale, ila zimefifia rangi. Niliziona zimefifia. Naapa niliziona. Nikajiambia labda ndivyo zinavyokuwa zikishahifadhiwa. Nikafunga kompyuta, nikaenda kwenye kikao.

Kikao kilianza saa 4 kamili. Tulikuwa watu 9. Bosi alikaa kichwani pa meza, kompyuta yake imeunganishwa na projekta, na ukuta mzima mweupe umejaa jedwali lake la bajeti. Ilipofika zamu yangu nikasimama. Sijui nini kilinipata siku ile, labda ni furaha ya Ijumaa inayokuja, lakini nilizungumza kama mgombea. Sauti ilikuwa inatoka kifuani, inagonga ukuta wa nyuma na kurudi. Mama mhasibu, ambaye kwa kawaida husinzia nikizungumza, alikuwa macho.

Katikati ya hotuba bosi akanikatiza. "Ngoja kidogo. Jedwali ulilonalo ni la zamani. Nakutumia jipya sasa hivi ulifungue."

Akabofya. Jedwali likaondoka.

Sekunde 2 baadaye, kwenye kona ya chini ya ukuta, kikajitokeza kile kidirisha cha ujumbe mpya. Kwenye kompyuta kidirisha hicho ni kidogo kama kadi ya biashara. Kwenye ukuta kilikuwa na upana wa mlango. Kilikuwa na jina langu kamili, na chini yake: "Jibu la otomatiki: Naumwa."

Bosi ni mtu wa utaratibu. Ujumbe ukifika, anaufungua.

Ukafunguka wote. Nilisimama pembeni ya homa yangu yenyewe, imeandikwa kwa herufi za ukubwa wa viganja, mkononi nimeshika kalamu ya kuelekezea. Hakuna aliyesema neno. Feni ya projekta ilisikika ikipuliza. Niliona macho ya watu 8 yakitembea kutoka kushoto kwenda kulia, yakishuka mstari, yakitembea tena. Niliweza kujua wamefika wapi. Walipofika kwenye "sauti imekauka kabisa", wote wakaniangalia mimi.

"Pole sana," akasema bosi.

"Asante," nikasema. Nilijitahidi itoke ikiwa imekwaruza. Ikatoka nzuri kuliko wakati wowote maishani mwangu.

Mama mhasibu akavaa miwani, akausogelea ukuta. Mwanzoni nilidhani ananionea huruma. "Samahani," akasema, "mbona leo ni Alhamisi?"

Kulikuwa na mwanya wa kujiokoa pale. Ningeweza kunyamaza. Badala yake nikasema, "Hiyo ni ya majaribio."

"Majaribio ya nini?" akauliza bosi. "Ya homa?"

"Ya mfumo."

"Aa." Akatikisa kichwa polepole. "Basi mfumo unafanya kazi. Endelea na taarifa, kama nguvu zinaruhusu."

"Na 'unatetemka' umekosea," mama mhasibu akaongeza akirudi kwenye kiti chake. "Ni 'unatetemeka'."

Nilimaliza taarifa yangu. Usiniulize nilisema nini. Jasho lilikuwa linanitoka, na naweza kuthibitisha sasa kwamba lilikuwa jembamba.

Mtu mwenye akili angetoka kikaoni, akazima yale majibu, akanyamaza mpaka dunia isahau. Mimi nilizima, kisha nikakuta barua pepe 14 ambazo tayari zilikuwa zimejibiwa na homa. Watu wananiuliza nimelazwa wapi. Nikaingiwa na huruma, nao na mimi mwenyewe, nikaandika ujumbe mpya: "Tafadhali puuzeni ujumbe uliotangulia. Siumwi. Nipo ofisini." Nikauwasha.

Fikiria hilo kwa muda. Niliwasha mashine ya kuwaambia watu kwamba sipo, ili iwaambie kwamba nipo.

Kumbe programu ile ina daftari lake. Ukiiwasha, inakumbuka imeshamjibu nani, haimjibu mtu yuleyule mara ya pili. Ukiizima na kuiwasha upya, daftari linafutwa, inaanza kujibu watu wote kama haijawahi kuwaona. Kwa hiyo waliopata homa wakaandika "pole", wakapata "Siumwi". Waliokuwa hawajapata homa, wale walioniandikia kwa shughuli zao tu, nao wakapata "Siumwi". Mteja mmoja aliniuliza kuhusu ankara, akajibiwa kwamba siumwi na nipo ofisini. Akaandika tena: "Kwani nani amesema unaumwa?" Mwingine alikata mzizi wa fitina, akapiga simu mapokezi kuuliza kama nimerukwa na akili.

Halafu kuna kampuni moja tuliyokuwa tunafanya nayo kazi, ambayo dawati lake la huduma linaendeshwa na mfumo. Mfumo ulituma taarifa ya kawaida, mashine yangu ikaujibu. Dakika moja haikupita: "Tumepokea tatizo lako lenye kichwa SIUMWI. Tumelipa namba ya kumbukumbu. Mtaalamu wetu atalishughulikia ndani ya saa 48."

Hapo nikampigia kijana wa TEHAMA. Alikuja na kikombe chake, akakaa kwenye kiti changu, akasoma kila kitu kuanzia juu mpaka chini bila kucheka. Wale vijana wamefundishwa kutocheka, kama madaktari. Kisha mabega yakaanza kutikisika.

"Kaka," akasema alipopata pumzi, "shukuru umetumia sehemu hii yenye daftari. Ungetengeneza kanuni ya kujibu kila ujumbe unaoingia, wewe na ule mfumo wa matatizo mngejibizana mpaka asubuhi. Yeye anakupa namba, wewe unamwambia siumwi, yeye anakupa namba nyingine." Akanieleza kwamba kuna waraka wa mambo ya intaneti, RFC 3834 wa mwaka 2004, unaoshauri mashine isiijibu mashine mwenzake, lakini si kila aliyeunda mfumo ameusoma. Nilimwambia hata mimi sikuusoma. Akasema hilo linaonekana.

Alipoona uso wangu umeporomoka, akanipa ya kunifariji. Mwaka 2008 huko Swansea, Wales, halmashauri ilitaka kibao cha barabarani cha kukataza malori makubwa, kwa lugha 2. Maneno ya Kiingereza yakatumwa kwa mfasiri kwa barua pepe. Jibu likarudi kwa Kiwelisi, wakalipeleka lichapwe, kibao kikasimikwa. Kwa Kiingereza kilikataza malori. Kwa Kiwelisi kilisema: "Sipo ofisini kwa sasa. Tuma kazi yoyote ya kutafsiriwa."

"Sasa wewe ukuta wako ulizimwa kikao kilipoisha," akasema. "Wenzako walichimbia nguzo."

Nilicheka, lazima niseme ukweli. Lakini kile kibao hakikuwa na jina la mtu.

Mchana ule dada wa rasilimali watu aliniletea fomu ya ruhusa ya ugonjwa, akiwa ameshaijaza nusu. Kwenye sehemu ya tarehe ya kuanza kuugua aliandika kesho. "Utaambatisha cheti cha daktari," akasema kwa upole wote, "ukishapata huo ugonjwa." Mpaka leo sijui kama alikuwa ananitania. Uso wake haukusema chochote.

Saa 10 jioni bosi akaniita. Nilikuwa nimejiandaa kwa makaripio. Nilikuwa hata na sentensi ya kujitetea yenye mikato 3. Yeye alikuwa na karatasi moja tu mbele yake.

"Unajua una siku ngapi za likizo ambazo hujazigusa?"

"Sijui, bosi."

"11." Akaigeuza karatasi nione. "Uliwahi kuniomba siku nikakunyima?"

Nikafikiri. Miaka yote ile, nikachambua kumbukumbu zangu kona hadi kona nikitafuta hata mara moja. "Hapana."

"Sasa homa ya nini?"

Hilo sikuwa na jibu lake. Nikatazama zulia. Lilikuwa na doa la wino lenye umbo la bata.

"Nitakuja kesho," nikasema. "Mapema."

"Vizuri." Nilipofika mlangoni akaniita tena. "Ule ujumbe, nitumie tena. Ule wa kwanza."

"Wa homa?"

"Ndio. Kwa kumbukumbu."

Nikajua hiyo inaingia kwenye faili langu. Nikautuma kwa mikono inayotetemeka, yenye "me" yake kamili, nikaenda nyumbani nikalala vibaya.

Ijumaa saa 1 na nusu asubuhi nilikuwa mezani. Mlinzi alishtuka kuniona. Hata taa za ukumbini zilikuwa hazijawashwa. Nilifungua kompyuta, nikafuta kila kitu kwenye majibu ya otomatiki, nikakagua kile kisanduku mara 3. Kisha nikaketi kwenye ripoti ya robo mwaka, safari hii nikaipa muda wake wote. Saa 3 kasoro nikamtumia bosi, na maneno machache ya unyenyekevu juu yake.

Jibu lilikuja kabla sijaondoa mkono kwenye kipanya.

"Ndugu, leo Ijumaa nimeamka alfajiri nikiwa na homa kali, mwili mzima unatetemka na jasho jembamba linanitoka. Sauti imekauka kabisa, hivyo sitaweza kupokea simu. Nimeshauriwa nipumzike."

Nilisoma mara ya pili. Mkato wangu baada ya "kali" ulikuwepo. "Unatetemka" ilikuwepo, bila "me". Ijumaa, safari hii, ilikuwa Ijumaa kweli. Alichobadilisha ni mstari wa mwisho tu: kwa jambo lolote lisiloweza kusubiri, tafadhali wasiliana na fulani, na hapo palikuwa na jina langu, cheo changu, na namba ya simu ya mezani kwangu.

Simu ikaanza kulia.