Taro Aso: aliyedumu, na aliyekufa chini yake

Wanaomtetea Taro Aso wana hoja nzito. Mjukuu huyu wa Shigeru Yoshida, Waziri Mkuu wa Japani baada ya vita, yumo katika siasa za bunge tangu 1979. Alipoupata uwaziri mkuu Septemba 2008, benki za Marekani zilikuwa zinaanguka, na serikali yake ikajitolea kuikopesha IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, dola bilioni 100. Wapiga kura hawakumhurumia. Mwaka 2009 chama chake cha LDP (Liberal Democratic) kilibaki na viti 119 tu, naye akang'atuka.

Desemba 2012 akarudi kuwa Naibu Waziri Mkuu na Waziri wa Fedha, akakaa karibu miaka 9. Kodi ya matumizi ilipanda kutoka asilimia 5 hadi 8 mwaka 2014, kisha 10 mwaka 2019. Ongezeko la kwanza liliwabana wanunuzi na uchumi ukayumba. Hata hivyo, kwa nchi yenye wazee wengi na deni kubwa kiasi kile, mimi nauona ujasiri hapo.

Ninachoshindwa kukipita ni kashfa ya Moritomo, shirika la kuendesha shule. Kiwanja cha serikali huko Toyonaka, Osaka, kilichothaminiwa yen milioni 956, kiliuzwa kwa yen milioni 134 kwa wenye shule ambayo mke wa Waziri Mkuu Shinzo Abe alikuwa ametajwa kuwa mwalimu mkuu wake wa heshima. Kelele zilipopanda, watumishi wa Wizara ya Fedha walichakachua nyaraka 14 za mauzo hayo. Machi 2018, mtumishi mmoja aliyelazimishwa kuifanya kazi hiyo alijiua.

Watetezi wanasema Aso hakuagiza, na ripoti ya wizara ilimnyooshea kidole mkurugenzi aliyekuwa chini yake. Sawa. Lakini wizara ina mkubwa mmoja. Aso alirudisha mshahara wake wa uwaziri wa miezi 12, akabaki kitini. Kwa mrithi wa familia iliyotajirikia makaa ya mawe, adhabu hiyo ilimgusa wapi?

Mjane wa mtumishi yule alikwenda mahakamani akitaka kujua mumewe alifikishwaje pale. Desemba 2021 serikali ikakubali kulipa dai lake lote, yen milioni 107, na kesi dhidi ya serikali ikaishia hapo bila wakubwa kuhojiwa. Aso alikuwa ameiacha wizara miezi miwili kabla, akiwa wakati huo makamu wa rais wa LDP.